Siku Jua Liliposhikwa Mgogoni

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kuwa jua la Mgogoni lina kazi moja tu, kukausha karafuu za Bibi yangu. Kuangaza dunia nzima ilikuwa kazi yake ya ziada. Msimu ukianza, sote nyumbani tulitazama juu kabla ya kusema lolote. Majamvi yalitandikwa uwanjani alfajiri, karafuu zikamwagwa na kusambazwa kwa mikono, na kila mtoto alijua kwamba tone la mvua likianguka aache hata tonge mkononi akimbilie majamvi. Karafuu ikirowa huharibika rangi, na jasho la miezi limekwenda bure.

Mwaka huo redio ikatangaza kuwa jua litapatwa, siku ya Jumapili, saa tisa alasiri. Mwalimu Faki, aliyetufundisha sayansi, alifurahi utadhani anaozesha. Alitutoa nje ya darasa, akamsimamisha Khamis kule karibu na mlingoti wa bendera. Khamis ndiye aliyekuwa mnene kuliko sote. Mwalimu akatuambia tufumbe jicho moja na tuinue kidole gumba mbele ya jicho la pili. Khamis akapotea mzima, na tumbo lake.

"Jee, kidole chako kikubwa kuliko Khamis?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Kipo karibu."

"Basi na mwezi ndivyo. Mdogo, lakini upo karibu yetu. Jua kubwa, lakini lipo mbali mno. Mwezi ukipita katikati, unalificha." Kisha akanyoosha kidole, akakaza sauti. "Na atakayelikodolea macho ataunguza jicho. Jicho halina spea."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa elimu. Mpaka leo nikikutana na mtoto mjuaji namwonea huruma kidogo, maana najua ilivyo raha kujua kitu ambacho nyumbani kwenu hawakijui.

Kwetu, lakini, suala la jua kushikwa halikuwa la kuchezea mwaka huo. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika mbili, na baada ya ile ya pili Mama alikaa muda mrefu bila kucheka. Kwa hiyo hii ya sasa ililindwa na nyumba nzima. Baba alikuwa hamruhusu kubeba hata ndoo. Mimi nilikuwa nimekwisha kumchagulia mtoto jina, Haji, na nilikuwa nikimsemesha kupitia tumboni kila jioni. Mama mwenyewe alikuwa mtulivu, ila usiku nilimsikia akiomba dua, na dua zote zilikuwa juu ya jambo hilo hilo.

Bibi, mamaake Mama, alikuwa mkandaji. Wajawazito na waliojifungua wa Mgogoni walimwita awakande kwa mafuta, na wengine walitoka mpaka vijiji vya jirani. Mikono yake ilijulikana. Alipoisikia redio, aliizima kabla mtangazaji hajamaliza.

"Jua likishikwa, mja mzito hatoki nje," akasema. "Atalala chali, mikono ubavuni. Popote atakapojigusa, mwana huzaliwa na alama pale pale."

"Bibi, Mwalimu kasema ni mwezi tu unapita mbele ya jua," nikasema.

"Mwalimu wako kazaa wangapi?"

Baba akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mwalimu Faki alikuwa hajaoa.

Jumapili ikafika. Baada ya sala ya adhuhuri Bibi alimlaza Mama chumbani, akamnyooshea mikono, akafunga dirisha. Wanaume walikwenda msikitini kusali sala ya kupatwa kwa jua. Bibi alisali nyumbani, kisha akakaa kwenye kibao mbele ya mlango wa chumba, tasbihi mkononi. Mimi niliambiwa nisitoke ukumbini. Chumbani kulikuwa na joto kali, na kila baada ya muda Mama aliuliza, "Bado, mama?" na Bibi akajibu, "Bado. Tulia, mwanangu."

Halafu mwanga ukaanza kubadilika. Haikuwa jioni, wala haikuwa wingu. Rangi ya ukuta ilififia na kukawa na ubaridi usiotegemewa. Kuku walianza kurudi bandani wakilalamika. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo, nikiwasimulia watu wasiokaa na karafuu, hawaniamini. Jirani yetu Bi Mize alipiga ukelele kutoka ng'ambo ya pili.

"Anueni karafuu! Anueni karafuu jamani, kunaingia kiza!"

Mbinguni hapakuwa na wingu hata la dawa. Kila mwanamke wa Mgogoni alikuwa ameisikia redio. Lakini mikono iliyozoea kuanua haikungoja kuulizwa. Nilisikia miguu ikikimbia huku na huku, majamvi yakikunjwa, mapakacha yakiburutwa. Bibi aliinuka, akautazama mlango wa chumba, akautazama uwanja, na akatoka mbio. Alikuwa na miaka sitini na ushei na sijapata kumwona akikimbia vile.

Nikabaki peke yangu ukumbini. Upenuni kwa nyuma tulikuwa tumeezeka makuti yaliyochakaa, na siku zote jua lilipenya kwenye matundu yake likaweka madoa ya mviringo juu ya sakafu ya udongo. Nilichungulia pale na nikaganda. Madoa hayakuwa ya mviringo tena. Kila moja limekuwa mwezi mwandamo. Mamia ya miezi midogo, yote imelala upande mmoja, ikitetema pale upepo ulipogusa makuti. Niliweka kiganja na mwezi ukaja juu ya kiganja changu.

Leo naelewa kilichokuwa kikitokea, na bado kinanifurahisha vile vile. Tundu dogo huchora chini picha ya chenye kuliangaza. Yale madoa tuliyoyakanyaga kila siku yalikuwa picha za jua zima, na sisi hatukuwa na habari. Siku hiyo jua lilikuwa limebaki kipande, basi matundu yakachora kipande. Huhitaji darubini wala kuunguza jicho. Chukua chekeche la unga, lishike juu ya ardhi siku jua likipatwa, utapata miezi ya kutosha kugawa mtaa mzima. Wanafunzi wangu nimewafundisha hivyo, maana na mimi sasa nafundisha sayansi.

Lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kukaa na kitu kama kile peke yake. Nilifungua mlango wa chumba.

"Mama! Njoo uone miezi!"

"Miezi gani? Bibi yako ataniua."

"Bibi yupo uwanjani."

Sentensi hiyo nimeirudia moyoni mara nyingi kuliko shairi lolote nililokaririshwa shule. Mama alikuwa amelala chali tangu mchana, jasho linamtoka, na alikuwa na miaka ishirini na tisa tu. Alijiinua polepole, akanishika bega, tukaenda upenuni. Miezi ilimjaa kichwani, mabegani, na juu ya lile tumbo. Alinitazama, na mimi nilikuwa nayo usoni, na akaanza kucheka. Alicheka kweli, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Na kama kawaida yake alipocheka, alifunika mdomo kwa mkono.

Ndivyo Bibi alivyotukuta. Aliingia na pakacha la karafuu kichwani, na likamwanguka, karafuu zikatawanyika sakafuni kote. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wa Mama pale ulipokuwa, akamshika kiwiko na kumrudisha chumbani. Aliporudi aliniambia neno moja tu.

"Okota."

Nikaziokota karafuu, moja moja, katikati ya ile miezi. Jua lilipokamilika tena, wanawake walizimwaga zao uwanjani kwa mara ya pili, wakichekana kwa kuanua bila ya mvua. Bibi hakucheka.

Miezi miwili baadaye Haji alizaliwa, na mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka mpaka karibu na pua.

Sitasema uongo kwamba nilimpenda papo hapo. Nilimtazama, kisha nikautazama mkono wa Mama, kisha nikatoka mbio. Nilijua nimefanya nini. Vidole gumba vyote vya Mwalimu Faki havikunisaidia kitu saa ile.

Siku ya tatu walikuja wanawake kutazama mzazi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe vya chai. Walimwombea mtoto, wakamsifu macho yake, na mwisho Bi Mize akauliza lile lililokuwa ndani ya kila kifua.

"Siku ile ya jua, yuno mamaake hajatoka nje kweli?"

Mama alifungua mdomo. Nilijua atasema kweli, na katika ile kweli nimo mimi. 

"Mlango ulikuwa wangu," Bibi akasema kabla yake. "N'liuwacha nikakimbilia karafuu. Kama kuna wa kulaumiwa, basi ni miye. Haya, Bi Mize, kunywa chai."

Hakusema uongo hata kidogo. Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikata ile kweli pale alipotaka, akabaki na kipande chake. Na Mgogoni ikakichukua. Ikasemwa mferejini kwenye kuteka maji, ikasemwa harusini, kwamba yule bibi alithamini karafuu kuliko damu yake. Wajawazito waliokuwa wakimwita kuwakanda wakaanza kupungua. Mmoja alisema ana mafua, mwingine kesho, mwingine hakusema kitu. Mwaka ulipogeuka, chupa yake ya mafuta ilikuwa imekaa rafuni bila ya kuguswa, na Bibi alikuwa anasuka mikeka.

Haji hakuweza kunyonya. Maziwa yalipita puani akapaliwa. Bibi alimkamua Mama maziwa kwenye kikombe na kumlisha mtoto kwa kijiko, tone baada ya tone, amemkalisha wima pajani, usiku na mchana. Alinifundisha na mimi. "Mwinue kichwa. Usimharakishe. Msubiri ameze." Kwa kijiko kile ndipo nilipompenda ndugu yangu. Sasa nafikiri Bibi alijua itakuwa hivyo, ndiyo maana alinipa kijiko mimi na hakumpa mtu mwingine.

Lakini kulala sikulala vizuri. Nilikuwa nikiota mkono mdomoni. Hakuna aliyenigombeza nyumbani, na Mama, kila nilipotaka kulitaja jambo la siku ile, aliniziba mdomo kwa kunituma dukani.

Haji alipofika miaka mitano, walikuja kisiwani kwetu madaktari wa kufanya upasuaji wa midomo, na Mama na mimi tukampeleka hospitali ya Chake. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulipokuwa tukingoja nje ya chumba cha upasuaji, nilimwendea nesi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, nikamwuliza kwa kunong'ona kama mama mja mzito akijigusa mdomo wakati jua limepatwa, mtoto huzaliwa hivi.

"Mimba ilikuwa ya miezi mingapi siku hiyo?"

"Saba."

"Mdomo wa mtoto huungana mwezi wa pili, mwanangu. Usipoungana hapo, ndiyo basi. Jua lilipopatwa, nduguyo alikuwa ameshakuwa hivi zamani." Akanitazama vizuri. "Nani kakwambia ni wewe?"

Nikalia pale pale ukumbini mbele za watu, na yule nesi aliyechoka akakaa nami.

Tuliporudi Mgogoni na Haji ameshonwa, sikungoja hata gari lisimame sawasawa. Nilimkuta Bibi anasuka ukili wa mkeka, nikamwaga yote kwa pumzi moja, mwezi wa pili, mwezi wa saba, jua halimo kabisa. Nilidhani atabisha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ukili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi weye sasa utalala."

Hakuuliza kuhusu nafsi yake. Hakusema, "Kumbe na miye sina kosa." Hakunituma nikamwambie Bi Mize. Nilikwenda mwenyewe kesho yake, na wengine walielewa na wengine hawakuelewa, na chupa ya mafuta ilianza kuitwa tena, kidogo kidogo, hadi mikono ilipomchoka.

Bibi amekwisha kufariki. Haji ni baba wa watoto wawili na anacheka bila ya kufunika mdomo. Mimi nawafundisha watoto wa watu kuwa jua halimdhuru mtoto aliye tumboni, nalisema kwa sauti kubwa, na siwacheki bibi zao. Nesi aliniondolea kosa kwa kunionyesha kuwa halikuwapo. Namshukuru mpaka leo. Lakini Bibi alikuwa ameniondolea miaka mitano kabla yake, naye aliamini kwa moyo wake wote kuwa kosa lipo, na kwamba ni langu.