Harusi ya Edmonton

Wazo la kwenda kuteleza kwenye theluji lilikuwa la Mama Pacha. Alinipigia simu nikiwa kwenye basi natoka kazini, akasema, "Shoga, Jumamosi usiweke shughuli. Tunatoka, sisi watatu tu, bila watoto."

Nilishangaa. Miaka yote tuliyoishi Toronto, theluji kwetu ilikuwa kitu cha kuzoa kwa koleo na kulaani.

Mama Pacha ni mtu wa Tanga kama mimi. Tulipofika nchi hii tulipanga pamoja chumba cha chini ya nyumba ya watu kule mtaa wa Agincourt, tukalala kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Mwenzetu wa tatu ni Mkenya, mtu wa Nakuru, tuliyefahamiana naye msibani tukiosha masufuria. Wao wana waume na watoto. Mimi mume aliondoka zamani, na mtoto sikujaliwa. Kwa hiyo wa kwao walikuwa wangu. Mapacha walijifunza kutembea sebuleni kwangu, wakishikilia meza yangu ya kahawa.

Niliamka alfajiri nikapika pilau, nikaitia kwenye hotipoti na kuifunga taulo. Mkenya ndiye aliyeendesha. Walinipa kiti cha mbele, jambo ambalo halikuwa kawaida, na kila nilichosema walicheka, hata kisichochekesha. Nikajiambia, wenzangu leo wamefurahi.

Penyewe palikuwa kilima kidogo tu. Mtu wa Usambara angepaita tuta. Tulikodi viatu vigumu kama zege na zile mbao za kufunga miguuni na fimbo zake, tukaanza kuanguka pamoja na watoto wadogo kwenye uwanja wa wanaojifunza. Nakiri nilicheka mpaka machozi. Kisha Mama Pacha akasema tupande juu kidogo, sisi wawili. Mkenya akakataa upesi mno. "Nyinyi endeni tu, mimi niacheni hapa."

Kupanda ni kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Unakaa, kinakubeba, na miguu inabaki hewani na mbao zake. Tulipokuwa katikati ya safari, Mama Pacha akanigusa goti.

"Shoga, nina jambo."

"Sema."

"Tunahama."

"Mnahamia wapi? Hapo Brampton?"

"Edmonton."

Nikageuka kumtazama. Edmonton ni safari ya saa nne kwa ndege. Akaonyesha chini kwa fimbo yake, kule alikosimama Mkenya. "Sisi na wao. Tumepata nyumba mtaa mmoja. Huku Toronto nyumba hazishikiki, wewe mwenyewe unajua."

Neno Edmonton nilikuwa nimelisikia kwao kiangazi kilichopita. Walikwenda huko wote, waume na wake, kwenye harusi ya ndugu wa mume wa Mkenya, nami nikabaki na watoto. Niliwapa pia doti ya khanga wampelekee bibi harusi. Khanga zenyewe marehemu mama yangu ndiye aliyeniletea, za mwisho kutoka mkononi mwake. Nilizitoa kwa sababu binti anayeolewa ugenini bila mama yake karibu alinitia huruma.

"Kumbe ile harusi..."

Akaangalia glavu zake. "Hapakuwa na harusi. Tulikwenda kutazama nyumba."

"Na khanga?"

"Ninazo. Wallahi sikuzivaa."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akasema walijua sitaweza kwenda nao, niko peke yangu, kazi yangu iko hapa, wakaona wasiniumize mapema. "Tukasema tutafute siku nzuri."

"Siku nzuri yenyewe ndiyo hii?"

Nikatazama chini, theluji ilikuwa mbali, nikaelewa kwa nini alipachagua pale. Mtu aliyeketi kwenye kiti kile hawezi kuinuka akaondoka.

Kwa hasira nilisahau kushuka tulipofika juu. Nikajitupa nimechelewa, nikaanguka kifudifudi, kiti kikanipiga mgongoni, mtambo ukasimamishwa. Watu wakabaki wananing'inia hewani wakinitazama mimi, mwanamke mzima, nikitema theluji. Mama Pacha akanyoosha mkono. Sikuushika. Nilifungua mbao, nikazibeba begani, nikashuka kwa miguu pembeni mwa miti. Yeye aliteleza polepole kando yangu, akiyumba.

"Shoga, usifanye hivyo. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."

Chini, Mkenya aliniona uso, akamgeukia mwenzake. "Umeshamwambia? Si tulikubaliana ni baada ya chakula?"

Kwenye mkahawa wa pale kulikuwa na tangazo la kukataza chakula cha kutoka nje, kwa hiyo tulikula garini, vioo vikiingia ukungu. Niliwapakulia mwenyewe, sijui kwa nini. Nao wakala. Mkenya akaongeza, akasifu nyama ilivyolainika. Mimi sikutia kitu mdomoni.

Njiani walijaribu. Utakuja kututembelea, kuna vyumba vya wageni, watoto watakulilia. Nikawaambia, "Mkipata harusi mniite." Mkenya akawasha redio, tukaisikiliza mpaka mlangoni kwangu.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alinirudishia khanga, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja. Nilizipokea mlangoni, sikumkaribisha. Walihama kabla theluji haijayeyuka, na sikwenda kuwaaga. Watu wa msikitini waliona nimekosa utu. Labda ni kweli, lakini wao hawakuniuliza chochote, nami sikuwaeleza.

Siku za sikukuu Mama Pacha hunipigia simu. Napokea kwa ajili ya mapacha. Wananieleza kwa Kiingereza habari za shule yao mpya, nami nawajibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Nikisikia mama yao anasema "hebu nipeni niongee naye," nakata.