Beki Alinawa Mbele ya Mama Mkwe Wangu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina mdomo. Jioni moja pale Dutwa, kwenye banda umiza, kibanda cha kulipia kutazama mpira, nilimtukana mwamuzi wa mechi ya kimataifa mpaka mwenye banda akaniomba nikae chini. Beki wa nchi kubwa alikuwa ameunawa mpira ndani ya boksi, peupe kabisa, na mwamuzi akapeta tu, mchezo ukaendelea. Siku mbili kabla, kwenye mashindano hayo hayo, mkono kama ule wa beki wa nchi ndogo ulipelekwa kwenye VAR, ukatazamwa weee, penalti ikatolewa.

"Huyu anaogopa jezi!" nilifoka. "Sheria ni moja, mbona kila jezi ina ya kwake?"

Watu wakanipigia makofi. Ndiyo maana mwamuzi wa fainali yetu na majirani zetu wa Sapiwi alipougua, wakasema apewe mwalimu, ana kozi ya uamuzi na haogopi mtu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa beki wa Dutwa. Nahodha wa Sapiwi, mkulima wa pamba ambaye timu yake haikuwahi kutwaa kombe lolote, aliulizwa kama ana pingamizi. Akasema hana, siku ile bandani alinisikia.

Kipindi cha kwanza mpira ulimgonga mchezaji wa Sapiwi mkononi, mkono wenyewe ameubana ubavuni. Nikapuliza kipyenga. Penalti, bao. Hawakubisha sana.

Dakika za mwisho Sapiwi wakapiga shuti, shemeji akarusha mkono na kuutoa mpira uliokuwa unaingia. Nyuma ya goli lile, katikati ya akina mama wenye vigelegele, alisimama mama mkwe wangu. Kwetu mwanamume hamkazii macho mama mkwe. Ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha uso. Niliinamisha uso. Ila niliuinamisha nikiwa nimeshaona. Niliuona mkono, niliona hata vidole vilivyotanuka. Nikawaza nitakavyopokewa ukweni, nikaashiria mchezo uendelee.

Nahodha akanijia mbio. "Mwalimu, kanawa! Hukuona?"

"Sikuona," nikasema, na kadi ya njano nikampa. Mechi ikaisha moja bila.

Nilikuwa nimejitenga kando ya uwanja, nafungua kamba za viatu, nahodha akaja peke yake. Nilidhani anakuja kunipiga, na moyoni nikasema anipige tu.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimia kwa Kisukuma, kwa upole. "Nimekuja kuomba radhi. Nimekufokea mbele za watu, kumbe mayu, mkweo, alikuwa pale nyuma ya goli. Wenzangu ndio wameniambia. Sasa ungetazamaje kule?"

Kombe lilikuwa bado juu ya meza, halijakabidhiwa. Ningeweza kusema. Ilihitaji neno moja tu, na mimi ninayejua kufoka mbele ya luninga sikulipata. Hata sasa nikikumbuka uso unaniwaka, namkwepa mtu yule mnadani kama mwizi.

Alinyoosha mikono yote miwili. Nikaipokea, nikamwambia yameisha, nimemsamehe.