Mjomba Titus Alivyobeba Lawama ya Nyama Niliyoiozesha

Siku ya karamu ya kumkumbuka bibi yangu, mjomba wangu alisimama mbele ya kijiji kizima akakiri kosa ambalo hakulifanya.

Kosa lilikuwa langu.

Na mimi nilikuwa palepale, kijiko mkononi, kimya kama sipo.

Naitwa Delbert. Kwetu ni Alaska, kijiji kidogo kando ya mto Yukon. Huku elki ndiye chakula cha mwaka mzima: mnyama mzito kuliko fahali, pembe pana kama sinia. Na karamu ya marehemu bila nyama ya elki, hapo hujamkumbuka mtu.

Mwaka ule nilitaka kwenda kuwinda nyama ya karamu hiyo peke yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na binamu zangu bado waliniita Mpagazi. Mjomba Titus anapiga, mimi nabeba. Kila mwaka.

Basi Agosti nzima niko mezani na ramani. Nikaandika kila kitu: mafuta ya boti, risasi, visu viwili, turubai, kamba, mifuko ya nyama. Nikamwonyesha mjomba, najiona bonge la mwindaji.

Akasoma taratibu. "Safi. Nani atabeba?"

"Mimi."

"Elki mzima?"

"Mjomba, si mimi ninayebeba kila mwaka?"

"Unabeba na wenzako wanne." Akakunja karatasi. "Msimu ukifunguliwa bado kuna joto. Ngoja wiki moja baridi iingie, twende wote. Ukishindwa kungoja, basi usimpige aliye mbali na maji. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Sikumsikia hata kidogo. Siku ya kwanza ya msimu nikawasha boti, huyooo.

Siku ya pili mchana, dume likatokea ng'ambo ya tope, karibu saa nzima kwa miguu kutoka botini. Kubwa, jamani! Maneno ya mjomba yakanijia. Nikayafukuza. Nikapiga.

Likaanguka palepale. Nikashangilia peke yangu porini kama chizi.

Furaha iliisha nilipojaribu kuligeuza. Halikutikisika. Kuchuna tu kulimaliza siku. Kesho yake paja moja lilinikalisha chini mara sita kabla sijafika botini. La pili ndiyo usiseme. Jua linawaka, inzi wananiandama, mgongo unawaka moto.

Siku ya nne nikarudi kuchukua mabega na mbavu.

Harufu ilinipokea kabla sijafika. Nyama imegeuka kijani.

Nilikaa chini nikalia. Kwetu kuacha nyama ioze ni kumtukana mnyama aliyekupa uhai wake. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Nikaifunika kwa matawi kama mtu anayeficha ushahidi, nikarudi na mapaja mawili.

"Nyingine?" mjomba aliuliza, boti ilipogusa ukingo.

"Dubu, mjomba. Kaninyang'anya. Nashukuru nimepona."

Akayatazama mapaja. Akanitazama mimi. "Pole, mwanangu."

Basi.

Siku ya karamu, watu tele, nyama kiduchu. Shangazi Verna, mkubwa wa wapishi, akaanza kuwasimulia wageni nilivyoponea chupuchupu kwa dubu. Watu wananipa pole. Mimi naitikia!

Mjomba akasimama, kashika nyonga yake mbovu.

"Hakuna dubu. Nilifuata ramani yake, nikafika pale mwenyewe. Nyama ilioza. Mimi ndiye niliyemtuma mapema, nikamwambia apige popote. Lawama ni yangu."



Hakunitazama hata mara moja. Aliniachia nafasi nisimame. Mimi nikameza supu.

Ikapita miaka miwili. Msimu ukifika boti zinaondoka, hakuna anayeniita. Najiambia labda zimejaa.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa ukingoni tunapasua samaki wa kukausha, watu karibu wote wapo. Nikaweka kisu chini nikasema yote. Kwamba mjomba alinikataza. Kwamba dubu nilimtunga. Sauti ikakatika katikati, nikaendelea.

Hakuna aliyeshtuka.

Shangazi Verna hata kisu hakukisimamisha. "Wewe Delbert. Titus huyu, amwambie mtu apige popote? Tangu lini? Tulijua siku ileile."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Ya kwako hayo. Tulikuwa tunakungoja."

Miaka miwili, ndugu zangu! Walikuwa wananisalimia, wananigawia samaki, wananiuliza hali ya mama, na wote wanajua. Nilitamani mto unibebe.

Mjomba hakunikumbatia wala nini. "Umechelewa," akasema. Akasogea kidogo kwenye benchi. "Kaa."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anabeba lawama yako, usidhani ukimya unakuficha. Wanakuona. Nenda kaseme leo, hata kama sauti itakatika katikati.

Mwaka huu bado sijaalikwa kwenye boti ya mtu. Na sijauliza.