Antje wa Kwanza

Usiku ule nililala nikiwa nimejipongeza, na nadhani hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimemaliza kazi ya miezi saba: kutafsiri na kupanga upya kitabu cha ukoo wa Mama Ruti, mwanamke wa Kimarekani aliyezaliwa mkoani Mara wazazi wake walipokuwa wamisionari wa Kimenonaiti, na ambaye Kiswahili chake bado kinawashinda wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Alitaka nakala moja ya Kiswahili ikae katika kanisa alikokulia. "Wale ndio walionilea," aliniambia kwenye simu. "Wana haki ya kujua walikuwa wanamlea mtoto wa nani."

Ukoo wake ni wa Wafrisia, watu wa pwani ya kaskazini ya Uholanzi. Mababu zao walibatizwa upya wakiwa watu wazima, na wengine wakatoswa majini kwa kosa hilo. Vizazi vingi baadaye, walipoona hata ndugu zao wa imani wameanza kukubali kushika bunduki, jambo ambalo imani yao inalikataza, familia chache ziliuza ng'ombe zao zikapanda meli kwenda Amerika. Msichana mmoja kati ya waliopanda aliitwa Antje. Mama Ruti ni kitukuu chake.

Sasa, Wamenonaiti hawabatizi watoto, na kitabu cha kanisa huandika waliobatizwa tu. Anayekufa mdogo haingii popote. Kwa watoto wa nyumba ya akina Antje tulikuwa na karatasi moja tu, ukurasa wa mbele wa Biblia ya zamani, ambamo baba alikuwa akiandika kila mtoto anapozaliwa. Hapo Antje ameandikwa mara mbili, miaka mitatu kati ya mstari na mstari. Nilitabasamu kama ninavyotabasamu ninaposahihisha mitihani. Baba wa watu ni mkulima, nikafikiri, amerudi shambani amechoka, amejisahau. Nikauondoa mstari wa kwanza, nikamwandikia Mama Ruti kwamba asubuhi faili litakwenda kwa mchapaji, nikazima taa.

Nikajikuta kanisani. Ilikuwa mchana, mwanga mweupe unaingia madirishani, na ilikuwa siku ya kutawadhana miguu, kama tunavyofanya sisi Wamenonaiti baada ya Meza ya Bwana: wanaume upande wao, wanawake upande wetu, mabeseni sakafuni, wawili wawili, mmoja anapiga magoti na kumwosha mwenzake kisha wanabadilishana. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na bibi yangu mzaa mama anapita na ndoo, anajaza mabeseni. Bibi amekufa miaka tisa sasa. Katika ndoto nililijua hilo, nikaona aibu kulitaja mbele ya watu.

"Vua viatu, msomi," akasema.

Wanawake wa benchi la nyuma wakacheka. "Mwacheni, ana shahada mpaka miguuni," mmoja wao akasema. "Anaogopa itaingia maji."

Nikavua. Maji yalikuwa ya baridi kali, na yaliponigusa midomo yakawa ya chumvi. Nikatazama chini nikaona sakafu inainuka na kushuka taratibu. Madirisha yamekuwa madogo, ya mviringo, na nyuma yake hakuna mti wala nyumba, ni maji matupu. Hakuna aliyeshangaa. Waliendelea kuoshana miguu na kuimba polepole.

"Mwenzako ni huyo," Bibi akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Kando yangu amekaa mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, kofia nyeupe imefungwa chini ya kidevu, na viatu vyake vya mbao vimepangwa vizuri chini ya benchi. Hanitazami. Anayatazama maji ya beseni. Mimi, hata katika ndoto, sikuacha kuwa mtu wa kanuni.

"Bibi, huyu hajabatizwa. Haruhusiwi kuwa hapa."

"Ndiyo maana ulimtoa?"

"Nilimtoa kwa sababu alikuwa mara mbili."

Bibi akaweka ndoo chini. "Hakuna mtoto anayekuwa mara mbili," akasema. "Alikufa mmoja, akazaliwa mwingine, mama yao akashindwa kuliacha jina lipotee. Mwoshe."

Nikapiga magoti, nikashika mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi kuliko maji. Nikauosha, nikachukua taulo nikaukausha, na nilipoinua taulo mguu haukuwepo. Umeishia kwenye kifundo, safi, bila damu, kama mchoro ambao mtu hakuumalizia. Mtoto hakulia. Akaninyooshea mguu wa pili.

Nikasema sitaki. Nadhani nilisema, kwa maana mdomo ulifunguka na sauti haikutoka.

Kisha hatukuwa kanisani tena. Tuko uani kwenye hospitali ya misheni, ile ambayo Bibi alifagia wodi zake mpaka mgongo ukapinda, na watu wamepanga mstari kwenda kwenye mlango ulio wazi. Mlangoni amesimama karani mwenye orodha. Anayeitwa anajibu, anaingia. Sikujua mlango unakwenda wapi, lakini nilijua kwa uhakika wote kwamba anayebaki nje atakuwa hajawahi kuwepo. Mtoto bado yuko kando yangu, amenishika kidole. Kofia haipo. Nywele zimenyolewa, shanga nyeupe zimezunguka kiuno, na uso sasa ni wa kwetu, ni uso wa mama yangu katika ile picha yake ya ujana.

"Nyangeta!" karani akaita.

"Bee," nikajibu.

"Bee," mtoto akajibu, pamoja nami, kwa sauti ileile.

Hapo nikaogopa hofu ambayo sijaipata tena tangu nikiwa mdogo. Nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka arobaini: shangazi mmoja, msibani, ananitazama na kusema, "Kumbe Nyangeta wa pili naye amekua," na mama anamwambia nyamaza, kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia nao kabla wala baada.

"Hapa pana mstari mmoja," karani akasema. "Nyangeta ni mmoja."

Akanigeuzia orodha nione. Ulikuwa mwandiko wangu. Herufi zangu nadhifu, mistari yangu iliyonyooka, kila jina mara moja tu, hakuna marudio. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri sana.

"Daktari wa vitabu, hesabu basi," wale wanawake wa benchi wakapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Si unajua kuhesabu? Mko wangapi?"

Nilijua jibu. Kusema tuko wawili kungekuwa rahisi kama kupumua. Badala yake nikapiga kelele, "Ni mimi! Mimi ndiye Nyangeta!" nikautoa mkono wangu katika mkono wa yule mtoto, na aliposogea anifuate nikamsukuma kifuani kwa kiganja. Alikuwa mwepesi. Alianguka nyuma bila sauti, na mahali alipoangukia hapakuwa na ua wala ardhi, palikuwa na yale maji.

Bibi akanitazama. Hakuonyesha hasira. Ningeshukuru kama angenikasirikia. Akanijia karibu mpaka nikasikia harufu yake ya sabuni ya wodini, akaniambia sikioni:

"Mama yako anajua alipo. Muulize leo, angali anajibu."

Nikaamka nimekaa kitandani, kiganja kimenyooshwa mbele. Kulikuwa kumepambazuka. Mume wangu alifungua jicho moja. "Umeota nini?"

"Nimemsukuma mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Nilikwenda mezani bila kunawa uso, nikafungua faili, nikaurudisha mstari nilioutoa. Antje. Kisha tena, chini yake, Antje. Nikakosea mara tatu. Nikamwandikia Mama Ruti kwamba kitabu kisichapwe bado, kwamba kosa lilikuwa langu wala si la yule mkulima, aliyekuwa anajua watoto wake kuliko mimi. Mimi niliyefundisha watu jinsi ya kusoma nyaraka za kale sikuwa nimeweza kusoma mistari miwili ya baba aliyefiwa.

Kisha nikampigia mama. Ana miaka themanini na zaidi na hukaa kijijini na mdogo wangu. Simu huishika mbali na sikio kama kitu kinachoweza kuuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Asubuhi hii, kuna msiba?"

"Hakuna. Mama, kabla yangu kulikuwa na Nyangeta mwingine?"

Nikasikia jogoo wa kwake, nikasikia mtu anaburuta kiti. Nilianza kuomba radhi, nikasema tuyaache, nilikuwa nimeota tu, na hata nikiwa ninasema nilijiona ninamsukuma mara ya pili.

"Nani alikuja?" akauliza.

"Bibi. Amekuja naye."

"Amevaa nini mtoto?"

"Shanga nyeupe kiunoni."

Alivuta pumzi kwa muda mrefu. "Nilizikata mwenyewe tulipomlaza," akasema. "Nikaambiwa nisilie sana, nina mimba, nitakuumiza wewe. Basi nikangoja uzaliwe. Ulipozaliwa wakasema mshukuru Mungu, amerudi. Nikajua hakurudi, wewe ulikuwa mtu mwingine. Nani angenisikiliza?"

"Yuko wapi, mama?"

"Nyuma ya jiko la zamani la hospitali, penye mawe matatu. Nitakupeleka. Miguu hii bado inafika." Akakohoa, kisha sauti yake ikawa ya mtu mwenye haraka, kama anayeogopa simu itakatika kabla hajamaliza. "Chukua kalamu. Alianza kutembea kabla ya meno. Alikuwa hapendi uji. Na alikuwa na maneno mengi, mwanangu, kuliko wewe. Unaandika?"