Waliponinyima Akaunti ya Wanafunzi

Wiki ya kwanza ya chuo, benki moja ilikuja na hema lake ikalisimamisha uwanjani, karibu na matangi ya maji. Walikuwa na spika kubwa, muziki wa vijana na rundo la tishati. Ukifungua akaunti ya mwanafunzi unapewa tishati na kalamu, na hukatwi ada ya kila mwezi. Mimi na binti yangu tulipanga foleni, yeye mbele, mimi nyuma yake. Sote wawili tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo hicho cha hapa Kitengela.

Hapo watu huniuliza mara mbili, kwa hivyo nieleze. Niliolewa kabla sijamaliza shule ya msingi, nikaja kukaa Kisaju kwa kina mume wangu. Nikazaa, nikalea, nikauza maziwa kando ya barabara ya Namanga. Mtoto wangu wa mwisho alipoanza shule, nikajiunga na masomo ya watu wazima kanisani kwetu, na mwishowe nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa nimekaa katikati ya watoto wa majirani. Mume wangu hakunizuia. Alisema tu, "Soma, lakini ng'ombe hawajui kama kuna mtihani." Nilipata alama za kuniingiza kozi ya ualimu wa chekechea. Binti yangu wa pili alikuwa amemaliza sekondari wakati huohuo, akataka uhasibu, na chuo kilichokuwa karibu na nyumbani ni hicho kimoja. Basi tukaanza pamoja. Asubuhi tulitoka pamoja, na tulipofika getini yeye akaenda kwa wenzake na mimi kwa wangu.

Foleni ilisonga polepole. Kijana wa benki alikuwa amekaa nyuma ya meza ya plastiki na kompyuta yake ndogo, jina lake likining'inia shingoni. Binti yangu alipoketi, nilisogea karibu ili nione anaulizwa nini, nijitayarishe. Kijana akainua macho.

"Na huyu ni nani?" akamwuliza.

"Ni mamangu," binti yangu akasema. "Amenisindikiza tu."

Nilisikia vizuri. Hata muziki haukuwa umepanda wakati ule. Nikarudi nyuma hatua moja, nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyesindikiza kweli. Sikujua nifanye nini kingine. Nilifikiri pengine nimesikia vibaya, halafu nikafikiri pengine ni yeye aliyesikia vibaya, kwamba aliulizwa kitu kingine.

Alipomaliza akapewa tishati yake, akaenda kwa wenzake chini ya mti wa mgunga kuipima. Kijana wa benki akaita, "Anayefuata!" huku akimtazama mvulana aliyekuwa nyuma yangu. Nikaketi.

"Mama, msichana wako amemaliza," akaniambia kwa upole.

"Nimeona. Sasa ni mimi."

"Wewe unataka nini, mama?"

"Akaunti ya mwanafunzi."

Nikampa kadi yangu ya chuo. Akaigeuza mbele na nyuma. Akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena.

"Hii ni yako?"

"Si hiyo ni sura yangu?"

Akacheka kidogo, akaomba kitambulisho, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Akaandika, akangoja, akarudia. Kisha akaigeuza kompyuta nione mwenyewe. Kulikuwa na maneno mekundu ya Kizungu ambayo sikupata nafasi ya kuyamaliza, kwa sababu aliigeuza tena upande wake.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa nini?"

"Imekukataa wewe, mama. Yaani, miaka. Hii akaunti ni ya wanafunzi."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Ndio, uko mwanafunzi. Lakini sio hii aina ya mwanafunzi."

Nilimwuliza ni aina gani, na nina hakika alitaka kunijibu, maana alifungua mdomo. Halafu akasema sistimu inachukua watu chini ya miaka ishirini na mitano. Akasema angeweza kunifungulia ya kina mama. "Uko na chama?" Nikamwambia niko na chama cha akiba na kina mama wenzangu, lakini chama sicho kilichonileta. Akasema basi niandikwe kwenye akaunti ya msichana, kama mzazi. Nyuma yangu vijana walikuwa wameanza kuguna. Kijana akanipa kalamu. Tishati hakunipa, na sikujua kama kalamu ni ya pole au ni ya kuniambia niinuke. Nikainuka.

Siku hiyo tulirudi nyumbani na binti yangu kama kawaida. Mpaka tunashuka Kisaju, alinisimulia njia nzima habari za mwalimu wao anayefundisha akiwa amefumba macho. Nilimwitikia. Nilikuwa nangoja aseme kitu kuhusu lile neno lake. Nami nilipotaka kuuliza, swali lilikuwa likigeuka mdomoni. Nimwulize kwa nini? Kwani amesema uongo gani? Kweli mimi ni mamake.

Mume wangu aliposikia habari ya benki, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwani hao wanajua miaka yako? Hata mimi siijui."

Alisema kweli. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa siku ya kwanza ya Januari, kama nusu ya wanawake wa rika langu huku kwetu. Tulipokwenda kuandikishwa, karani alituuliza tulizaliwa lini, tukatazamana. Akatutazama meno na watoto tuliowabeba mgongoni, akaandika mwaka alioona unatufaa. Kwa hivyo mwaka ulionikataa pale hemani ulikuwa mwaka wa kubahatisha. Jambo hilo lilinisumbua zaidi ya kukataliwa kwenyewe. Ningekataliwa kwa miaka yangu ya kweli ningenyamaza. Kukataliwa kwa kisio la mtu sikujua kama ni kosa langu, kosa lake, au si kosa la yeyote.

Nilikwenda kwenye tawi lenyewe mjini Kitengela. Mama mmoja wa pale, mtulivu, mwenye miwani, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hawezi kufanya lolote, mashine ndiyo inayoamua. Lakini kama naona miaka ya kitambulisho si sahihi, niende Kajiado kwenye ofisi ya vitambulisho irekebishwe, halafu nirudi kwake.

"Nikirudi na miaka kidogo nitakuwa mwanafunzi?" nikamwuliza.

"Kwa sistimu, ndio."

Nilitoka pale nikasimama kwenye vumbi la barabarani, malori ya mchanga yakipita, nikijaribu kulielewa jambo hilo. Yaani Kajiado naweza kupunguziwa miaka, na nikishapunguziwa, Kitengela nitapewa kile ambacho chuo kimeshanipa.

Nilimpigia simu dada yangu mkubwa anayekaa Oltepesi, maana wazazi wetu hawapo tena. Nikamwuliza kama anakumbuka nilizaliwa lini. Akafikiri, nikamsikia akimfukuza mbuzi, kisha akasema nilizaliwa ule mwaka wa kiangazi, baba alipohamisha ng'ombe hadi upande wa Tanzania.

"Kiangazi kipi?"

"Kile kikubwa. Si hiki cha juzi. Kile cha kabla ya kile kingine." Akahesabu kwa watoto wake na kwa tohara ya kaka yetu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu, "Wewe ni mkubwa kuliko hapo ulipoandikwa! Walikupunguzia."

Hata hivyo nilikwenda Kajiado. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka mtu mmoja katika ofisi moja aniambie neno moja. Binti yangu alisema atanifuata kwa sababu hakuwa na somo siku hiyo. Kwenye ofisi ya vitambulisho, bwana mmoja mzee alitaka kadi ya kliniki ya utotoni. Nikamwambia nilizaliwa manyattani, bomani kwetu, sikupelekwa kliniki. Akataka basi cheti cha ubatizo. Nilibatizwa nikiwa mke wa mtu. Akakuna kichwa.

"Sasa mama, wewe mwenyewe unasema ulizaliwa lini?"

Nikakumbuka kiangazi cha dada yangu, ambacho kingeniongezea miaka tu. Nilimshukuru, nikamwacha.

Tuliingia kibandani karibu na soko tunywe chai. Binti yangu aliagiza na mandazi. Hapo, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kuulizwa, nikauliza mimi.

"Siku ile hemani, ulimwambia yule kijana nimekusindikiza tu."

Akaacha kutafuna. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikumbuki, yeyo." Yeye huniita hivyo, yeyo, ndilo neno letu la mama. Nilimtazama usoni nione kama ananificha. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayetafuta kweli. "Lakini si ulikuwa umenisindikiza?"

"Nilikuwa kwenye foleni. Yangu mimi."

"Najua. Lakini ulikuwa pia umenisindikiza. Si wewe hunisindikiza kila mahali? Hata darasa la kwanza ulikaa nje ya dirisha mpaka mwalimu akakufukuza."

Akaendelea kula. Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Hilo la dirishani ni kweli, nilikaa, na nikiwa pale nilisoma herufi za ubaoni pamoja nao. Lakini sikujua kama amenijibu. Sikujua kama alikuwa na aibu nami siku ile au aliniona tu jinsi alivyozoea kuniona tangu azaliwe. Niliwaza nimwulize mara ya pili, nikaona kwamba yeye mwenyewe hajui. Akanimegea andazi lake, nikala.

Tulipotoka tulipita mbele ya tawi la benki hiyohiyo pale Kajiado. Sikuwa na haja ya kuingia. Nikaingia. Askari wa mlangoni, mwanamume wa rika la kaka yangu, alinisalimu kwa lugha yetu, "Takwenya," nikamwitikia, "Iko," akanionyesha pa kukaa. Nikapelekwa mbele ya dada mmoja kijana, nikamwambia nataka akaunti, yoyote ile. Sikumwambia habari ya hema wala ya miaka. Akafurahi. Akasema atanifungulia ya kawaida.

Akachukua kitambulisho, akaandika, mashine ikakubali. Mahali ninapoishi, ikakubali. Nambari ya simu, ikakubali.

"Kazi?"

Nilimtazama binti yangu, naye alikuwa akitazama simu yake.

"Mwanafunzi," nikasema.

Yule dada wala hakuinua kichwa. Akaandika. Nikainama juu ya meza nione. Mashine haikuonyesha wekundu wowote. Ikakubali hilo pia, ikauliza kitu kingine.

"Ngoja," nikamwambia. "Imekubali kwamba mimi ni mwanafunzi?"

"Ndio. Kwani si mwanafunzi?"

"Ni mwanafunzi."

"Basi." Akanipa mahali pa kutia sahihi.

Nje nilimweleza binti yangu jambo hilo mara mbili, kwamba katika akaunti isiyo ya wanafunzi nimeandikwa mwanafunzi, na katika ya wanafunzi nimekataliwa kwa kutokuwa mwanafunzi wa kufaa. Alicheka sana, akasema nimwulize mwalimu wake wa uhasibu. Mimi sikucheka wakati ule. Nilicheka baadaye, nikiwa nakamua ng'ombe.

Jumatatu tulirudi chuoni. Darasani kwetu wasichana walikuwa wamevaa zile tishati, karibu wote, na walionisogezea kiti hawakuniuliza yangu iko wapi. Nilimaliza kozi ile. Sasa nafundisha watoto wadogo huko Isinya, na mshahara wangu huingia katika akaunti ileile ya Kajiado. Wenye benki bado wananikata ada ya kila mwezi, na sijawahi kurudi kuwauliza kama ile kazi waliyoniandikia, mwanafunzi, ibadilishwe.