Dawa ya Mama Yangu Haichemshwi

Miaka ile Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville, na kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya labo, chumba cha vipimo, pale hospitali. Shule niliachia mwaka wa pili. Lakini uliza nani alikuwa anaosha vile visahani vya kioo bila kuvunja hata kimoja. Ni mimi.

Muke wangu alilazwa na kidonda cha muguu, kinanuka. Dawa za sindano zilikuwa zimeisha na treni haikuleta zingine. Munganga mmoja tu, yeye njo aliangalia labo pamoja na chumba cha wanawake, maana Wazungu wakubwa wake walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Akaniambia kidonda kikiendelea hivi, muguu utakatwa. Nikamuletea ganda la muti ambalo mama yangu alikuwa akioshea vidonda kule Kirungu. Akakataa kuligusisha kidonda mpaka alipime.

Alipaka usaha wa kidonda juu ya jeli ya kisahani, ile ya kuotesha mikrobi, vidudu vya ugonjwa, akatoboa kitundu katikati, akadondoshea dawa ya ganda humo. Kesho yake mikrobi zilijaa mpaka ukingoni mwa kitundu, dawa haikuua hata moja. Akacheka. Nikamuuliza aliitengeneza namna gani. Kumbe alichemsha ganda saa nzima.

"Papa," nikamwambia, "mama yangu aliloweka katika maji baridi. Wewe umechemsha yai, sasa unangoja kifaranga?"

Alisema maji baridi yana mikrobi zake, yatamuharibia kipimo. Mutu wa diploma akakwama hapo. Muosha vyombo njo alipata njia: nilichemsha maji peke yake, nikayafunika mpaka yakapoa kabisa, ndipo nikatia ganda. Tena nikamulazimisha aweke visahani viwili, kimoja cha maji matupu, asije akasema ni maji yaliyofanya kazi.

Siku ya pili kile cha maji kilijaa mikrobi kote. Cha dawa kilikuwa na duara safi kuzunguka kitundu, kubwa kama kifungo cha koti. Munganga alikipeleka dirishani, akakigeuzageuza.

"Kisahani si mutu," akasema mwishowe.

"Na musumeno nao si dawa. Nipe beseni."

Alinipa. Nilimuosha muke wangu asubuhi na jioni, akinitukana kwa sababu inawasha, na munganga akipima kidonda kwa rula kila siku, uso umemkunjamana. Juma la pili harufu ilikuwa imekwisha na nyama mupya inaota. Nikaenda biro, ofisini kwake, nikasimama mbele ya orodha ya watu wa kukatwa. Akaniambia nirudi kazini, atalifuta jina la muke wangu baadaye. Sikutoka. Alilifuta nikiwa ninaangalia.