Dume la Pembe Moja

Wimbo ule niliutunga mimi, siku niliyofungiwa darasani kwa kosa la kumwigiza mwalimu mkuu anavyopiga chafya. Rafiki yangu, mtoto wa karani wa pamba, akautafutia njia kwenye gitaa. Mwenzetu wa tatu alipiga debe, mimi chupa ya soda kwa msumari. Hiyo ndiyo bendi nzima. Ukicheka, cheka polepole.

Kwetu mtunzi hahitaji karatasi. Anajitaja ndani ya wimbo, ubeti wa mwisho, kwa sifa ya ukoo wake, na watu wote wanajua mali ni ya nani. Wangu ulisema: mimi ni mjukuu wa mwenye dume la pembe moja. Guku, babu yangu wa Nkololo, alipousikia alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Dume langu liingie redioni? Basi mwaka huu sifi."

Watu wa redio walikuja na gari na mashine ya kunasa sauti. Karani akatufungulia ghala la Ngulyati, maana penye pamba hakuna mwangwi. Tunajipanga tu, ng'ombe wakaanza kupita kwenda kunywa maji, kengele shingoni, watoto nyuma yao wanapiga mbinja.

"Ngosha," rafiki yangu akaniambia, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "toka ukawanyamazishe. Watoto wanakuogopa wewe."

"Na chupa?"

"Tutaiacha. Ubeti wako nitauimba mimi, neno kwa neno. Unadhani nitaumeza?"

Nikatoka. Mimi, nisiyenyamaza hata kanisani, nikasimama juani kidole mdomoni, nawakaripia ng'ombe wa watu kwa kunong'ona. Nilibandika sikio mlangoni: kimya. Marobota ya pamba yalikuwa yamekula kila kitu. Walipotoka wanacheka, nikauliza, "Dume limeingia?"

"Limeingia na mkia wake."

Tuliambiwa wimbo utapigwa Jumamosi alasiri. Guku akatembea kutoka Nkololo na koti lake la harusini, akaketi mbele kabisa kwenye duka lenye redio pale Bariadi. Kila aliyeingia alimwambia, "Ngoja, utamsikia mjukuu wangu."

Gitaa likaanza, nikamfinya Guku. Kwenye kipande nilichotunga cha chafya ya mwalimu mkuu duka zima lilicheka. Kisha ubeti wa mwisho, sauti ya rafiki yangu, tamu kama asali ya wizi: mimi ni mtoto wa karani, mwenye funguo za ghala.

Watu wakapiga makofi. Guku alibaki ameinamia redio.

"Mwambie arudie," akamwambia mwenye duka.

"Redio hairudi nyuma, mzee."

"Labda dume lilikuwa linakuja, wakalifungia mlango."

Nina mzaha wa kila kitu. Siku ile nilitafuta hata mmoja wa kumpa, sikuupata.

Jumatatu, shuleni, rafiki yangu alinipokea kwa meno yote nje. "Ngosha, ulitusikia?"

"Nilisikia funguo."

"Aa, usinune. Wewe kichwa chako kimejaa nyimbo. Utatunga mwingine."

Juzi nilikwenda Nkololo. Mtoto anayechunga ng'ombe wa Guku alikuwa nyuma ya dume lile lile la pembe moja, fimbo begani, akimsifu mtoto wa karani kwa sauti yake yote. Nikaokota bonge la udongo nimrushie.

Guku alikuwa kando anasuka kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Mwache aimbe," alisema. "Wimbo wenyewe mzuri."